Sijambo ya Mwenye Jambo

Wanafunzi wangu wapenzi, Kiswahili kina maamkizi yenye mtego ndani yake. Mtu akikuuliza "Hujambo?", anauliza kama huna jambo, yaani kama hakuna lililokusibu, nawe hujibu "Sijambo", yaani sina jambo. Kikanushi kimo ndani ya swali, kimo pia ndani ya jibu. Wanaoanza kujifunza lugha hii huyakariri maneno hayo siku ya kwanza bila kuyapasua, na hakuna ubaya. Lakini aliye na jambo ajibuje? Hata aliyefiwa usiku uliopita atasema "Sijambo" kwanza. Wenyeji wa lugha wamejitengenezea njia: mtu husema "Njema", hunyamaza kidogo, kisha huongeza, "ila mtoto hakulala kwa homa." Jambo lenyewe huja baada ya "ila". Anayeamkia kwa haraka na kupita zake halisikii.

Leo nataka kuwazungumzia vijana wa umri wenu ambao jambo lao hubaki nyuma ya "Sijambo", na watafiti waliojaribu kulisikia. Mtaniuliza hilo lina uhusiano gani na elimu ya uraia. Lina uhusiano mkubwa: mtu asiyesikiwa hawezi kupata haki yake, na katika madarasa yetu ya Afrika Mashariki, wanamoketi pamoja wenyeji na wakimbizi, wenye lugha nne na wenye lugha moja, kusikiwa hakugawiwi sawasawa.

Nianze na kaskazini mwa nchi yetu, Uganda. Kufikia mwaka 2005, vita kati ya majeshi ya serikali na kundi la Lord's Resistance Army vilikuwa vimewang'oa watu zaidi ya milioni 1 katika vijiji vyao na kuwarundika kambini. Watafiti, miongoni mwao Paul Bolton na Theresa Betancourt, walitaka kujua namna ya kuwasaidia vijana waliokulia humo. Njia rahisi ingekuwa kuchukua dodoso lililotungwa Marekani, kulifasiri kwa Kiacholi na kuhesabu majibu. Hawakuanza hivyo. Kwanza waliwauliza wenyeji, wakubwa kwa wadogo, kwa lugha yao wenyewe: watoto wa hapa wanasumbuliwa na nini, na aliyesumbuliwa mnamtambuaje?

Wenyeji wakataja hali zenye majina. Ya kwanza ni *two tam*. *Two* ni ugonjwa, *tam* ni fikra. Basi ni ugonjwa wa mawazo. Wakataja *par*, nayo ni mawazo na wasiwasi visivyomwachia mtu, na *kumu*, yaani majonzi. Wakataja pia *ma lwor*, hali ya woga, na *kwo maraco*, maisha mabaya, kwa maana ya mwenendo ulioharibika. Dalili mojawapo ya *kumu* ni kijana kuketi shavu likiwa kiganjani.

Hapo mwalimu wa Kiswahili lazima asimame kidogo. Sisi tunayo nahau hiyo hiyo: kushika tama. Tama ni shavu, na ashikaye tama ni yule aliyeketi kwa huzuni, kichwa kimemlemea hata akakiegemeza mkononi. Msikimbilie kusema kwamba *tam* ya Kiacholi na tama ya Kiswahili ni neno moja. Kiacholi ni lugha ya Kiluo, Kiswahili ni Kibantu, na kufanana huko kwa sauti ni bahati tu. Kufanana kwa mkao, kwa maoni yangu, si bahati. Mwili wa binadamu mwenye huzuni hufanya yale yale Gulu na Lamu.

Kwa kutumia majina hayo ya wenyeji, watafiti walitunga kipimo cha Kiacholi. Kisha walichagua vijana 314 wa umri wa miaka 14 hadi 17 katika kambi mbili, wakawagawa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilikutana kila wiki, kwa wiki 16, vijana wakazungumza kuhusu huzuni zao na uhusiano wao na watu, wakiongozwa na watu wa eneo hilo hilo waliopewa mafunzo. La pili lilifanya michezo na sanaa. La tatu lilisubiri zamu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, nami huyarejea mara kwa mara kwa sababu hayakupakwa sukari. Mazungumzo ya kundi yalipunguza dalili za huzuni. Yaliwafaa wasichana waziwazi. Kwa wavulana nafuu haikuwa ya kutosha kuthibitika. Michezo na sanaa havikuonyesha tofauti na kusubiri. Na ile *ma lwor*, woga, haikupungua kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Nawapenda watafiti wanaoandika na kilichoshindikana. Kwa nini wavulana hawakupona kama dada zao? Utafiti huo hautujibu, nami sitajifanya kujua. Naweza tu kusema ninachokiona darasani. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wa kidato cha pili waandike insha kuhusu siku ya huzuni. Wasichana wengi waliandika kuhusu watu. Mvulana mmoja akaandika kurasa mbili kuhusu ng'ombe wa kwao aliyekufa: rangi yake, pembe zake, bei aliyonunuliwa sokoni, na jinsi alivyolala ubavu siku tatu bila kula. Baba yake anatokea mara moja tu, karibu na mwisho, katika kishazi tegemezi: "ambaye baba alimnunua kabla hajaondoka". Nilimpa alama nzuri, maana vishazi tegemezi ndivyo tulivyokuwa tukijifunza wiki ile. Ila nilikisoma kile kimoja mara nyingi kuliko vingine. Mvulana akikosa la kusema akiketi katika duara na kuulizwa habari za moyo wake, huenda si kwamba hana neno; huenda neno lake limo ndani ya ng'ombe.

Wenye Kiganda nao wasidhani wamesahauliwa. Kabla ya utafiti wa kambini, Bolton na wenzake walikuwa wamefanya kazi ya namna hiyo kusini mwa Uganda, maeneo ya Masaka na Rakai, ambako ukimwi ulikuwa umezifagia nyumba nyingi. Huko walielezwa hali mbili: *okwekyawa* na *okwekubazida*. Mwanafunzi wangu Mganda atazifasiri bila kamusi, maana *okwe-* yake ni *kuji-* yetu: kujichukia na kujihurumia. Dodoso la kigeni lingeuliza kuhusu huzuni, na mgonjwa wa *okwekyawa* angeweza kujibu kwa ukweli mtupu kwamba hana huzuni. Yeye anajichukia. Hayo ni mawili.

Kiswahili chenyewe, katika jambo hili, ni tajiri kuliko wanafunzi wanavyodhani. Tuna huzuni, tuna majonzi, tuna simanzi, tuna jitimai. Tuna kihoro, ambacho ni huzuni ya kufiwa au ya kupotewa na kitu kipendwacho. Wahaka na jakamoyo ni wasiwasi, kila mmoja na uzito wake. Na neno jakamoyo lina moyo ndani yake, msiulizwe tena kwa nini kifua hudunda. Tanzania wataalamu wa afya wamelichukua neno la kale, sonona, lenye maana ya kuumia ndani kwa ndani, wakalifanya jina la ugonjwa. Kenya utasikia zaidi unyogovu. Mimi nalipenda la kwanza, maana hata asiyelijua akilisikia hukunja uso kidogo. Lakini mwanafunzi wa kawaida huingia darasani na maneno mawili tu, "nzuri" na "mbaya", na siku hizi "poa".

Ndiyo maana kazi ya kufasiri madodoso si kazi ndogo. Lugha nyingine huiweka huzuni chini; mtu huko husema, kwa neno la kwa neno, kwamba anajisikia chini. Mswahili akiambiwa hivyo ataangalia sakafu. Kwetu huzuni haishuki, hulemea: moyo huwa mzito, roho huuma, mtu huvunjika moyo, mawazo hujaa kichwani. Swali lililofasiriwa vibaya hupata jibu, na jibu hilo huhesabiwa, na hesabu hiyo hutumwa wizarani.

Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano mwingine, nao una jina la Kiswahili fasaha: Shamiri. Kushamiri ni kustawi na kuenea, kama mmea uliopata mvua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi waligawanywa katika njia mbili. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Wengine walikutana mara nne, saa moja kila wiki, wakazungumza juu ya shukrani, juu ya uwezo wa mtu kubadilika na kukua, na juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Walioongoza hawakuwa madaktari, bali vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu uliopita. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lile la Shamiri likapata zaidi, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi 7. Katika nchi zetu, ambako daktari wa akili hupatikana mjini tu, hilo si jambo la kupuuza. Hata hivyo naliangalia kwa jicho la mwalimu wa kijijini: wale walikuwa vijana walioketi shuleni, wenye ada iliyolipwa na lugha iliyoeleweka. Asiyefika shuleni hakuwa katika hesabu.

Hapa ndipo ninapolihitaji neno insafu. Wengi wenu mnajua usawa, kutokana na sawa: kila mtu kipimo kimoja. Insafu ni uadilifu unaompa kila mtu kile anachostahili. Ukiwagawia wanafunzi wote viatu vya namba 40, umefanya usawa. Wenye miguu mikubwa watakueleza kuhusu insafu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia. Sekondari haikutajwa hivyo. Kijana wa miaka 15 aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo akivuka mpaka, mara nyingi hurudishwa madarasa kadhaa nyuma kwa sababu hajui Kiingereza, akaketi na watoto wa miaka 11, magoti yakigonga dawati. Akifika sekondari, kama atafika, ni mtu mzima kati ya watoto.

Mimi nafundisha magharibi mwa Uganda, mwendo usio mrefu kutoka Ziwa Albert. Darasa langu lina Wanyoro, Waalur, Waacholi, Waganda wachache, na Wakongo kutoka Ituri ambao wengi wao walivuka ziwa kwa mashua mwaka 2018 wakikimbia mauaji. Tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Ungedhani basi kwamba sote tumekaribishwa katika nyumba moja. Lakini kila mtu aliingia kwa mlango wake. Mzazi mmoja aliyekulia Buganda aliniambia kwa upole, tukiwa tumeketi nje ya ofisi, "Mwalimu, lugha hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza kizuizini barabarani, mtutu ukiwa kifuani mwa marehemu baba. Mfundishe mtoto, sikatai. Ila mimi usiniamkie kwayo." Tangu siku hiyo mzee huyo namwamkia kwa Kiganda.

Kwa Wakongo, kinyume chake, ni lugha ya mama. Nao ndio wanaochekwa. Msichana akisema "batoto" badala ya "watoto", darasa zima, ambalo haliwezi kuomba maji kwa Kiswahili, huangua kicheko. Fikirini mkasa huo: katika masomo yote yuko nyuma kwa sababu ya Kiingereza, na katika lile moja analolijua kuliko wenzake, anaambiwa kwamba mama yake anakosea. Mimi hufundisha Kiswahili sanifu, maana mtihani wa taifa hautamsubiri. Ila hueleza pia kwamba Kiswahili cha Kongo mashariki, ambacho wengine hukiita Kingwana, kina kanuni zake na umri wake, na kwamba *ba-* hiyo wanayoicheka ndiyo *ba-* ya Kinyoro na ya Kiganda. Wanyoro huacha kucheka hapo.

Muhula mmoja niliwapa barua ya kirafiki. Msichana wa Ituri, mwenye mwandiko mdogo kama wa mchwa, aliandika habari za kawaida, mvua, kanisa, mechi ya mpira, kisha katikati: "Miye niko nawaza mingi. Usiku silale." Kalamu nyekundu mkononi ilijua kazi yake: *ninawaza sana, silali*. Niliandika masahihisho hayo pembeni, kwa sababu ndiyo kazi ninayolipwa. Chini yake nikaandika: "Unawaza nini?"

Mwalimu mwenzangu aliyeiona barua hiyo alikuna kidevu. "Mwalimu, una wanafunzi zaidi ya 80. Ukimwuliza kila mmoja anawaza nini, utafundisha lini? Na akikwambia, utafanya nini?" Swali la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kule kambini walikuwa na wiki 16 na waongozaji waliofunzwa. Mimi nina vipindi vya dakika 40 na stashahada ya ualimu. Kumfungua mtu kinywa na kisha kutokuwa na pa kulipeleka neno lake ni ukatili wa namna yake. Kwa hiyo kabla ya kumrudishia barua, nilikwenda kwa mwalimu wa kike anayesimamia malezi ya wasichana, nikamwomba awe tayari. Alikubali. Yeye ndiye aliyeketi naye, chini ya mwembe, mchana wa Ijumaa.

Nilidhani tungesikia habari za Ituri: moto, mapanga, usiku wa ziwani. Hayo yalikuwepo, bila shaka. Lakini aliyoyawaza usiku yalikuwa mahindi. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa wakimbizi ulipunguzwa kwa kuwa fedha za wafadhili zilipungua, kaya zikapangwa kwa madaraja ya uhitaji, na ya kwao ikashushwa daraja. Mama alikuwa akilima vibarua. Msichana, mkubwa wa watoto wanne, alikuwa akipiga hesabu kila usiku: debe litafika siku ngapi, na kama yeye akiacha shule akalime, litafika ngapi. Hakuwa na ugonjwa wa mawazo. Alikuwa na hesabu isiyotoka, na aliifanya sawasawa.

Nimelifikiria sana tukio hilo kila ninaposoma tafiti za ustawi wa vijana. Mazungumzo ya duara yanafaa, shukrani zinafaa, na sijui kijana aliyedhurika kwa kuulizwa habari zake na mtu mwenye nia njema. Lakini dodoso linalouliza "mara ngapi katika wiki mbili zilizopita umekosa usingizi?" bila kuuliza "ulikula nini jana?" litamhesabu msichana yule pamoja na wagonjwa, kisha litapendekeza afundishwe kupumua polepole. Mwalimu wa malezi hakumfundisha kupumua. Alimpeleka kwa mkuu wa shule, mkuu akakubali apate uji na chakula cha mchana shuleni bila malipo kwa muhula ule, na mama akaelekezwa mahali pa kukatia rufaa daraja lake. Rufaa ilichukua miezi. Msichana alibaki. Bado huandika "niko nawaza" mara mojamoja, akisahau, na mimi bado humsahihisha.

Mwaka huu, kabla hatujaanza mada ya hisia, nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikaomba kila mwanafunzi alete kutoka nyumbani neno moja la lugha yake ambalo hulisikia mtu anapoumia moyoni, pamoja na maelezo ya namna anavyoonekana mtu huyo. Waganda wameleta *ennaku*, na wakabishana kipindi kizima kama ni huzuni au ni dhiki ya umaskini. Nimeandika yote mawili. Waacholi wameleta *kumu*, na mmoja akaketi mbele ya darasa kuonyesha mkao, shavu kiganjani, mpaka tukacheka sote, yeye pia. Mkabala na hapo nimeandika kushika tama. Mvulana wa ng'ombe hakuleta neno, ila ndiye aliyepiga mistari ya safu kwa rula. Safu ya Kilendu bado iko tupu. Kijana aliyeahidi kuijaza anasema neno analo, lakini hana uhakika nalo, na lazima kwanza amwulize bibi yake, ambaye alibaki ng'ambo ya ziwa na simu yake haipatikani kila siku.